Mega Zinakufa Saa Ngapi?

Neno "forfe" tumelichukua kwa Kifaransa bila kuliuliza linatoka wapi. Wenzangu wa mwaka wa kwanza wakifungua kamusi watakuta kwamba forfait ni bei moja iliyokatwa mapema kwa huduma fulani. Wakiendelea kusoma watakuta kwamba neno hilohilo husemwa pia timu inapokosa kufika uwanjani, na kwamba lina maana ya tatu, ya zamani kidogo: uovu mkubwa, jinai ya kutisha. Nilipolitaja jambo hili darasani, mwalimu wetu alisema maana hizo hazihusiani na haifai kuzichanganya. Darasani ana haki. Lakini mwanafunzi wa Butembo aliyelipa mapema, akangoja rezo isifike, akaona pesa zake zimekwenda, amezipitia zote tatu kwa asubuhi moja.

Ni mwaka wa tatu sasa nasoma forfe kama tunavyosoma maandiko hapa kitivoni, neno kwa neno. Sababu ya kwanza ni kwamba pesa ninayotumiwa kwa mwezi haivumilii kusoma haraka. Ya pili ni kwamba mama yangu anaishi Beni.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kama kilomita 54. Katika nchi tulivu huo ni umbali wa kwenda kula chakula cha mchana kwenu na kurudi kabla ya giza. Lakini tangu mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka Beni, Oktoba 2014, barabara hiyo haipimwi kwa kilomita peke yake, na hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa mkoani Mei 2021 haikuifanya fupi. Habari mbaya hufika kwanza kwenye makundi ya WhatsApp: sauti ya mtu asiyejitaja, picha isiyo na tarehe, jina la mtaa. Likitajwa eneo lililo karibu na kwetu saa kumi jioni, nataka kusikia sauti ya mama saa kumi na dakika tano. Forfe isiyoweza kunifanyia hivyo, hata ingeuzwa kwa bei ya mandazi, kwangu ni ghali.

Tuanze basi na hesabu, maana wengi wetu tunaipiga vibaya. Tukifika kabini, macho huenda kwenye idadi ya mega na bei, tunagawa moja kwa nyingine, tunachukua ile yenye mega nyingi. Hesabu hiyo imeacha kitu kimoja nje: umri. Chukua mfano wa nambari za kubuni, kwa kuwa bei halisi hubadilika kabla wino haujakauka. Forfe ya kwanza inakupa mega 1,000 kwa franka 1,000, za siku moja. Ya pili inakupa mega 600 tu kwa bei hiyohiyo, lakini zinaishi siku saba. Kila mtu atasema ya kwanza ni nafuu. Sasa tuseme wewe, kwa siku ya kawaida, unatumia mega 80: ujumbe, sauti mbili tatu, kutafuta neno katika kamusi. Katika ile ya kwanza utatumia 80, na 920 zitakufa usiku zikiwa nzima. Kila mega uliyoitumia imekugharimu franka 12 na nusu. Katika ile ya pili utatumia 560 kwa wiki, na kila moja haikufikia franka 2. Mega ambayo hukuitumia uliilipia kama nyingine, na aliyekuuzia anajua hivyo kuliko wewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kuuliza bei, bali kujua unakula kiasi gani. Simu yenyewe inakuambia: katika mipangilio kuna mahali inapoonyesha matumizi ya data kwa siku na kwa kila programu. Mimi niliandika kwa wiki mbili kwenye daftari. Nilichokiona ni kwamba mazungumzo hayanifilisi. Kinachonifilisi ni video zinazojipakua zenyewe kutoka katika makundi ambayo hata siyasomi. Nilizima upakuaji wa picha na video katika WhatsApp, nikazuia programu zisijisasishe bila ruhusa, na matumizi yangu yakashuka karibu nusu. Hakuna kampuni inayouza forfe nafuu kama hiyo.

Mama hana mipangilio ya namna hiyo kichwani. Anasoma Kiswahili vizuri, Kinande anakizungumza kama alivyonyonya, Kifaransa anakisikia sokoni. Menyu ya kampuni yake ilimjia kwa Kifaransa, na kazi ya kuitafsiri ikaniangukia mimi, kwa simu. Hapo ndipo nilipoona kwamba tafsiri tunayofundishwa ina kazi nje ya mtihani. Validité nilimwambia ni "muda wa kutumika". Akauliza, baada ya huo muda? Nikasema zinakufa. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, mimi nimenunua chumvi. Nikiiacha mwezi mzima, ni nani anakuja kuichukua jikoni?" Sikuwa na jibu la kitaalamu, na hadi leo sina.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa saa. Forfe ya usiku, iliyo rahisi kuliko zote, iliandikwa kwamba inafanya kazi kutoka 00h hadi 05h. Mama akaisoma 05h kama tunavyoisoma sisi, saa tano, na saa tano ya mchana ndiyo wakati anaopumzika kuuza. Akaona ni forfe nzuri sana. Kwa saa zetu ile ni saa sita ya usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wa Beni wamefunga milango na kuzima taa. Lipo na jingine. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Katika forfe moja niliyowahi kuwa nayo, "usiku" ulianza hapa saa saba, kwa sababu mashine iliyokuwa ikihesabu ilifuata jua la Kinshasa. Mtu aliyeamka saa sita akaanza kupakua vitabu alikuwa akila yunite zake kwa bei ya nje ya forfe bila kujua.

Hiyo bei ya nje ya forfe ndiyo shimo. Mega zikiisha, mara nyingi simu haisimami, inaanza kukata katika yunite za kawaida, tena kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Mdogo wangu aliwahi kuweka yunite 100, yaani dola nzima, akazilalia bila kununua forfe huku data ikiwa wazi. Asubuhi hakuwa na hata ya kubipa. Tangu hapo nyumbani kwetu ni sheria: unafunga data kwanza, unaingiza yunite, unanunua forfe, unasoma ujumbe wa kuthibitisha hadi mwisho, ndipo unafungua. Wale wanaouliza kwa nini tunapoteza muda hivyo, hawajawahi kuona dola ikiyeyuka.

Nimetaja kubipa. Nadhani kitivo chetu kingeweza kumpa mtu kazi ya mwisho wa masomo juu ya jambo hili kabla halijapotea. Kupigia mtu na kukata kabla hajapokea ni lugha yenye sarufi yake. Kwetu bipu moja jioni ni "nimefika". Mbili zikifuatana ni "nipigie, wewe ndiye mwenye yunite". Tatu hatuzitumii hovyo. Mwanafunzi hambipi baba mkwe, na mdeni hambipi anayemdai. Ni forfe pekee isiyo na bei, na mimi sijaiacha hata sasa nikiwa na mega, maana bipu inapita pale ambapo intaneti haipiti.

Ujumbe wa sauti nao una uchumi wake. Dakika moja ya sauti iliyorekodiwa katika WhatsApp haifikii hata mega moja, wakati dakika ya kuonana kwa video hula mega kadhaa. Mama hurekodi dakika nne za Kinande: bei ya maharage, nani amezaa, nani amerudi kutoka Oicha, kisha "umekula?". Kinande chake hakijui kuandikwa kwa vidole, lakini kwa sauti kinafika kizima, pamoja na kuku wanaolia nyuma. Kwa hiyo tuliacha video. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu alipenda kuona kama nimekonda.

Kuna mambo ambayo usomaji wa menyu hauwezi kukukinga nayo. Septemba 2020 ilianza tozo ya RAM, rejesta ya simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na kuendelea, zikikatwa kwa vipande katika yunite za mtu. Uliweka yunite ununue forfe ya wiki, ukakuta kipande kimekatwa na kilichobaki hakitoshi. Watu walilalamika nchi nzima hadi ikafutwa mwanzoni mwa 2022. Na kabla yake, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini baada ya uchaguzi, kwa siku karibu 20. Sisi wa Beni na Butembo hata hatukuwa tumepiga kura hiyo. Yetu ilisogezwa hadi Machi 2019, sababu zikitajwa kuwa Ebola na usalama, wakati rais alikwisha kuapishwa Januari. Yaya wangu alikuwa amenunua forfe ya siku 30 siku mbili kabla ya kukatwa. Rezo iliporudi, alikuwa amebakiwa na siku nane. Hapo nilijifunza kutonunua forfe ya mwezi, hata inapokuwa na hesabu nzuri. Wiki inatosha. Katika mji wetu mwezi ni muda mrefu.

Wafanyabiashara wanaovuka Kasindi kwenda Uganda watakuambia kwamba jirani naye ana yake. Uganda ilianza Julai 2018 kumtoza mtu shilingi 200 kwa siku ili afungue WhatsApp na Facebook, ikaiacha Julai 2021 na kuweka kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kenya ndiko kulikotokea jambo ninalolionea wivu: Oktoba 2019 Safaricom ilianza kuuza mega zisizokufa, unazinunua na zinakungoja. Nilipomwambia mama, alisema tu, "Kama chumvi."

Kuhusu intaneti ya nyumbani nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wetu ni wapangaji na nyumba si zetu. Starlink ilikatazwa na ARPTC Machi 2024, kisha ikapewa leseni Mei 2025, na tangu hapo wanafunzi wanazungumza juu ya sahani kama zamani walivyozungumza juu ya pikipiki. Tulikaa watu wanne wa nyumba moja tukapiga hesabu ya kuchangia. Malipo ya mwezi yakigawanywa kwa wanne yanavumilika. Kilichotushinda ni umeme: sahani inataka moto muda wote, na siku za kukatika kwa umeme zingekuwa zimelipiwa bure, isipokuwa tununue pia paneli na betri. Na hata ikiwaka vizuri, ingetusaidia kupakua vitabu tu. Haitoki nami nje, na mama hanitafuti nikiwa nimekaa sebuleni. Kwa sasa vitabu tunapakua pale palipo na wifi ya kugawana, siku moja kwa wiki, mmoja wetu kwa ajili ya wote, na kugawana faili kwa Bluetooth ambayo haina kampuni.

Kwa hiyo natembea na kadi mbili za SIM. Ya kwanza ni ya kampuni ya mama, kwa kuwa kupigiana ndani ya kampuni moja ni rahisi zaidi. Ndani yake naacha daima yunite 50 ambazo siruhusu zigeuke mega. Ni za saa kumi na dakika tano. Ya pili ina forfe ya wiki ya intaneti, ndogo, ya mchana. Mama naye nimemnunulia ya wiki, na inaisha Alhamisi saa nne asubuhi, saa yetu.

Wenzangu watatu wa promosheni wamekubali tuitafsiri menyu nzima kwa Kiswahili cha huku, kwenye karatasi moja ambayo mtu anaweza kuibandika kwenye kabini. Validité imekuwa "inakufa lini". Hors forfait imekuwa "bei ya nje". Saa tunaziandika kwa maneno, usiku au mchana. Tumekwama kwenye illimité, kwa sababu forfe tulizozisoma zenye jina hilo hupunguza kasi ukishapita kiasi fulani. Tuliandika "isiyo na mwisho", tukaifuta. Tukaandika "ya kutosha", mmoja akauliza kumtosha nani. Nafasi yake kwenye karatasi bado ni tupu, na mwenye neno tunamngoja chini ya mwembe baada ya somo la fonolojia.