Sinema Iliyoingia Nyumbani

Sinema ilizaliwa ikiwa jambo la kundi. Siku ya Desemba 28, 1895, katika Grand Café mjini Paris, wageni walilipa kiingilio, wakaketi gizani, wakaelekeza macho yao mahali pamoja; na desturi hiyo ya giza moja na pazia moja ndiyo iliyosafiri hata ikafika Afrika Mashariki. Baina ya 1935 na 1937, wenye kazi ya Bantu Educational Kinema Experiment, ambao makao yao yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, walizunguka na lori lao Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, wakionyesha picha za kilimo, afya na kuweka akiba. Mwanakijiji hakuulizwa apenda kutazama nini. Alitundikiwa pazia, akaketi chini, akatazama alichochaguliwa.

Siku hizi pazia limekunjwa likatiwa mfukoni. Mtazamaji ni mmoja, kioo chake hakizidi kiganja cha mkono, na yeye mwenyewe ndiye mchaguzi. Au ndivyo aaminivyo.

Mwalimu mmoja wa fasihi akaaye Kagoma, mahali ambapo barabara itokayo Bukoba hupita kati ya migomba na mibuni ikashika njia ya Biharamulo na Lusahunga, alikuwa amesoma habari za picha bora za kale kwa miaka mingi bila ya kuziona. Majina ya watengenezaji aliyajua: Ozu wa Japani, Satyajit Ray wa Bengali, Sembène wa Senegal. Aliyajua kama mtu ajuavyo majina ya miji katika ramani. Vibanda vya video vya barabarani havikuwa na picha hizo, wala haifai kuvilaumu, kwa kuwa mwenye kibanda hula kwa kiingilio, na kiingilio hufuata mpira na ngumi. Basi katika mwezi wa Novemba, msimu wa senene, mwalimu alijiandikisha katika MUBI kwa siku 7 za majaribio zisizolipiwa, akaweka simu yake juu ya meza, akaiegemeza kwenye birika la chai.

Ghala hilo la picha lilianzishwa 2007 kwa jina la The Auteurs, likabadilishwa jina 2010. Kwa muda mrefu lilikuwa na sheria ya ajabu: picha 30 tu rafuni, kila siku moja mpya ikiingia na moja iliyomaliza siku zake ikitoka, kama abiria wa basi lililojaa. Mwaka 2020 lilifungua rafu nyingi zaidi. Lipo na jingine, Criterion Channel, lililofunguliwa Aprili 2019, ambalo wapenzi wa picha za kale hulisifu mno. Lakini mlango wake uliwekwa kwa wakaao Marekani na Kanada, na mtu wa Kagoma husoma sifa zake tu, kama asomaye orodha ya vyakula vya hoteli ya mbali.

Jambo la kwanza lililomshangaza mwalimu ni utulivu wa mahali penyewe. Alizoea maduka ya mtandao yanayomkamata mtu shati. Hapa aliwekewa picha chache, kila moja na maneno machache ya kueleza kwa nini imechaguliwa, na picha ya miaka ya 1920 ilikaa bega kwa bega na ya mwaka uliopita bila ya kuonewa haya kwa uzee wake. Jambo la pili lilikuwa kichekesho. Usiku wa kwanza alitazama Tokyo Story, picha ya Ozu ya 1953. Mabomba marefu ya viwanda yalitokea kiooni, hapana mtu, hapana neno. Mwalimu aliona kuwa mtandao umekwama. Alinyanyua simu, akaipeleka dirishani ambako huwa na nguvu zaidi, akatafuta kile kiduara kinachozunguka, na alipotazama vema akaona kuwa moshi unatembea. Picha haikukwama. Aliyeitengeneza ndiye aliyetaka mtazamaji akae kitambo na mabomba yale. Mtu aliyefundishwa na kasi kwamba kisichokwenda kimeharibika huchukua muda kujifunza tena kutazama, na mwalimu, pamoja na shahada yake, alichukua siku mbili.

Bibi yake hakuhitaji hata siku moja. Alikuwa ameketi mkekani na ungo wa senene, akinyofoa mbawa na miguu, akiinua macho mara kwa mara. Hajui Kijapani wala Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha. Baada ya nusu saa aliuliza, "Wazee hawa wamewatembelea watoto wao mjini?" Aliambiwa ndiyo. Akanyofoa senene wengine watatu au wanne, kisha akasema, "Na watoto hawana nafasi." Hiyo ndiyo hadithi yote ya Tokyo Story, na wako wenye digrii walioandika vitabu kuifikia. Bibi alikua katika nyumba zilizokaribisha mpiga nanga usiku, na mpiga nanga mwema wa Kihaya hakimbizi kisa chake; hunyamaza, huacha nyuzi zizungumze, na msikilizaji hungoja. Huenda ndiyo sababu ukimya wa Mjapani haukumwelemea.

Siku ya tatu mwalimu alitafuta picha za kwao. Alitafuta Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo Rashidi Kawawa aliigiza kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Alitafuta Arusi ya Mariamu ya 1985. Alitafuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto 2021. Hakupata hata moja ya kutazama. Ingekuwa rahisi kukasirika, na kwa saa moja alikasirika. Lakini rafu hujazwa kwa kilichohifadhiwa, na picha ya sinema ni kitu dhaifu kuliko kitabu: utepe huoza, rangi hufifia, chuma cha mkebe hupata kutu, na ili isafishwe hutakiwa fedha, mitambo, na mtu anayeona kuwa inastahili. Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, iliyotengenezwa 1973, yatazamika vizuri leo kwa sababu ilisafishwa 2008 kwa msaada wa wakfu aliouanzisha Martin Scorsese. Picha za lori la Vugiri zilikuwa 35. Zilizosalia katika hazina ya Uingereza ni 3. Mtazamaji hudhani anachagua katika yote yaliyowahi kutengenezwa. Kumbe wengi wamekwisha kumchagulia kabla yake, na wa kwanza wao ni kutu.

Picha ya usiku wa tano ndiyo iliyobadili habari. Nayo ni La Noire de… ya Ousmane Sembène, ya 1966, nyeusi na nyeupe, isiyozidi saa moja na dakika chache. Usiku huo alikuwapo pia mdogo wake mwalimu, msichana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye pasi yake ya kusafiria ilikuwa ikitengenezwa. Wakala mmoja alikuwa amekuja mara mbili kuzungumza na wazee habari za kazi ya nyumbani Oman. Alitaja mshahara. Alitaja tiketi ya ndege, ambayo haitalipwa na msichana. Mwalimu hakuichagua picha kwa ajili hiyo; alivutwa na jina la Sembène, na alipokumbuka kisa chake kilikuwa kimekwisha anza, na watu wawili wameegemea meza.

Kisa ni cha Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa na waajiri wake Wafaransa mpaka Antibes. Alidhani atalea watoto na kuona maduka. Akajikuta akipika, akifua na kufagia, bahari ikionekana dirishani tu. Picha yasema Kifaransa, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na Bibi anajua Kihaya na Kiswahili. Basi mwalimu alilazimika kufanya kazi ileile aliyojipatia jina kwayo Lufufu, mfasiri mashuhuri wa picha za video za kigeni kwa Kiswahili. Alifasiri kwa Kihaya, mbio mbio, akiruka baadhi ya maneno. Ilipofika sehemu ya barua alijaribu kuruka zaidi, na mdogo wake, ambaye Kiingereza cha shule hakijamtoka, alimsimamisha.

"Kaka, rudisha nyuma. Hujasema yote."

Akarudisha. Barua imekuja kutoka kwa mama yake Diouana. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo mwajiri anamsomea. Kisha mwajiri huyohuyo anachukua karatasi na kuanza kuandika jibu kwa niaba yake, kwamba yu mzima, kwamba anatendewa vema. Msichana anaitwaa barua ya mama yake na kuichana. Mwalimu alifasiri sehemu hiyo neno kwa neno. Bibi aliacha senene wake.

Waliitazama mpaka mwisho, ambao ni mgumu: maji ya hodhi la kuogea, wembe, na yule mwajiri akienda Dakar kumpelekea mama mshahara wa marehemu, na mama akiukataa. Umeme ulikatika muda mfupi baadaye, kama ukatikavyo katika mvua za Novemba, simu ikabaki na mwanga wake mdogo. Nje watoto wa jirani walikuwa wakilalamika kuwa taa imezimwa na senene wanapotea.

Msichana ndiye aliyesema kwanza. "Lakini mimi najua kuandika."

Haikujulikana alimwambia nani. Mwalimu alifikiri juu ya kumweleza habari alizosoma, za pasi zinazowekwa kabatini na waajiri na simu zinazochukuliwa, lakini alinyamaza, kwa kuwa alijua yeye ndiye aliyeshindwa kulipa ada ya chuo, na kwamba wakala alikuja baada ya hapo.

"Unajua," Bibi alimjibu. "Na mimi barua yako nitasomewa na nani?"

"Kaka atakusomea."

"Kama alivyotaka kunisomea hii?"

Mwalimu aliizima simu kulinda betri. Siku mbili za majaribio zilikuwa zimesalia, na bando lilikuwa limekaribia kwisha. Asubuhi mdogo wake alimwuliza kama picha ile bado ipo au imekwisha ondolewa, akasema angependa kuitazama tena, peke yake, pasipo mfasiri, kabla ya Jumamosi ambayo wakala aliahidi kurudi.