Kichwa cha gia cha mjomba

Mkono wa gia wa Toyota Prius ni mdogo mno kwa macho ya mtu wa Kharumwa. Huku kwetu Nyang'hwale gari linalopendwa ni lile linalobeba magunia ya mpunga na kupita barabara ya machimbo siku ya mvua, na mkono wake wa gia unajaza kiganja. Wa Prius hauzidi kijiko cha chai. Vijana wa machimboni walipoliona gari la mjomba wangu walimuuliza kama limekuja na rimoti.

Mjomba si mtu wa kuchekwa. Alilinunua baada ya miaka ya kuuza mchele, akavutiwa na mafuta kidogo linayokula. Kwa hiyo nilipofika likizo aliniambia, "Frateri, unarudi Mwanza kwa shughuli zako. Twende wote, unisaidie kuchagua kichwa cha gia kinachoeleweka." Alitaka kikubwa, kizito, kinachong'aa. Na akitaka pia kiwe na picha ya Bikira Maria.

Tulipita Sengerema na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani za kivuko ningekuwa na muda wa kutosha wa kumweleza gari lake, maana foleni ilikuwa ndefu. Ningeanza na herufi N. Gari la namna hii likiwa N halichaji betri yake kubwa, hata injini ikinguruma. Ukiliacha hivyo huku kiyoyozi kinafanya kazi, betri inashuka tu. Kwenye foleni ni afadhali ukae P.

Herufi ya pili yenye matata ni B. Wengi wanaamini ni "betri", kwamba ukiendesha ukiwa B gari linachaji zaidi. Hapana. B inatumia injini kusaidia breki kwenye mteremko mrefu, ili breki zisichemke. Ukiitumia kwenye barabara tambarare kama zetu unapoteza nguvu ambayo gari lingeirudisha kwenye betri, na mafuta uliyokusudia kuyaokoa yanaliwa.

Lakini jambo lililogusa ununuzi wetu ni jinsi mkono wenyewe unavyofanya kazi. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, na cha tatu, iliyotoka 2009, mkono haukai pale ulipousukuma. Unauvuta upande wa dereva kisha chini kwa D, au juu kwa R, ukiuachia unarudi wenyewe katikati. P ni kitufe peke yake. Hakuna waya wa chuma unaokwenda kwenye gia, mkono unatuma taarifa ya umeme tu. Ndiyo maana fundi mmoja aliyemshauri mjomba aung'oe wote na kufunga wa Aqua alikuwa anampoteza. Aqua ya kizazi cha kwanza ni haibridi pia, lakini mkono wake ni wa kawaida, unavuta waya na unabaki ulipouweka. Hiyo ni mifumo miwili tofauti.

Kwa sababu mkono unarudi katikati kila mara, kiganja hakiwezi kukuambia uko gia gani. Ni lazima uangalie taa ya dashibodi. Na injini mara nyingi iko kimya wakati wa kuondoka, kwa hiyo sikio nalo halisaidii. Mtu au mtoto aliye nyuma ya gari anaweza asisikie kitu.

Dukani muuzaji alitandika vichwa vya gia mezani. Kimoja kilikuwa cha kioo chenye taa ya bluu ndani, kingine umbo la fuvu (sijui nani anapanda gari akiwa ameshika fuvu, lakini kilikuwa kinanunuliwa), na kimoja cha chuma kizito chenye sanamu ya Mama Maria juu. Mjomba alikishika hicho cha mwisho na uso wake ukalainika. Nilijua nitakachosema kitamuuma.

"Mjomba," nikamwambia, "spring ya mkono huu ni nyepesi. Imetengenezwa kurudisha kichwa chepesi. Ukiupachika uzito huu, nani anajua kama utarudi vizuri kwenye barabara ya mashimo?"

"Mama Maria atauzuia?"

Muuzaji akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mjomba hakuwa anatania. Nilimwambia Kanisa lina ibada ya kubariki vyombo vya usafiri, imo katika kitabu cha baraka cha mwaka 1984, na inaombea dereva awe mwangalifu. Paroko akilibariki gari, baraka haiko kwenye kichwa cha gia.

Alikaa kimya. Kisha nikataja jambo ambalo yeye mwenyewe alinieleza njiani: mke wake amejifunza kuendesha, na jumuiya imeanza kuwagongea usiku mjamzito anapozidiwa. Usiku ule anayekaa kwenye usukani anaweza kuwa mke wake, au kijana wa jirani ambaye hajawahi kushika Prius. Huyo anahitaji mkono unaojibu ule ule kila unapoguswa.

"Kwa hiyo wataendelea kunicheka."

"Wanaweza."

Alirudisha cha chuma mezani polepole. Tulichagua kichwa chepesi kilichovikwa ngozi bandia nyeusi, kirefu kidogo kuliko cha asili lakini si kipana cha kugusa kitu chochote mkono ukienda R. Tulikijaribu kwenye gari kabla ya kulipa, maana skrubu ya mkono ina unene wake na vichwa vingi vya mezani havikuingia. Mjomba alisukuma D, akaachia, akatazama taa. Akasukuma R, akaachia, akatazama. Mara kumi hivi, mpaka muuzaji akaanza kuhudumia wateja wengine.

Bei ilianza elfu thelathini na tano, tukalipa ishirini na tano. Rozari yake aliiweka kwenye kisanduku kidogo kando ya kiti. Tulipofika Kharumwa alimwita mke wake kabla hata ya kushuka, akamwambia, "Njoo ukae hapa. Usiangalie mkono. Angalia taa."