Kilio cha Busia

Kizazi changu kilipiga kura tarehe 27 Desemba 2002 kikiamini Kenya inazaliwa upya. Siku tatu baadaye Mwai Kibaki akaapishwa Uhuru Park, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, nasi tukashangilia hadi sauti zikatukauka. Wiki nne hazikutimia.

Tarehe 24 Januari 2003, ndege ya kukodi iliruka kutoka kiwanja kidogo cha Busia ikiwa na mawaziri waliokuwa wametoka kwenye sherehe ya kumpongeza mwenzao, Moody Awori. Haikupata kimo. Iligonga nyaya za umeme, ikaanguka. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walinusurika. Marubani wawili walifariki, na pamoja nao Waziri wa Leba, Ahmed Khalif.

Khalif bado ananiuma. Mwaka 1984 wanajeshi walipowakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakawatesa na kuwaua, ni yeye, mbunge wa Wajir Magharibi, aliyesimama Bungeni akayasema. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, na mtu aliweza kupotea kwa neno dogo kuliko hilo. Mtu wa aina hiyo alipofika serikalini hatimaye, tulikaa naye majuma machache tu.

Na sisi tulifanya nini? Tulisema ajali haina kinga, siku yake imefika. Siikatai kadari, mimi ni mtu wa dini. Lakini kuruka kwa ndege ni hesabu: uzito wa abiria, mizigo na mafuta, urefu wa njia ya kurukia, joto la siku ile, kimo cha mahali. Busia iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye hewa nyepesi na jua kali, ndege ile ile huhitaji njia ndefu zaidi, na rubani akishapita mwendo fulani hawezi tena kusimama kabla njia haijaisha. Nguzo za umeme zilizo mbele yake hazikupandwa na kadari.

Tulizika, tukasahau. Ikaja ajali ya ndege ya Marsabit, Aprili 2006, watu 14 wakafa, wakiwamo wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki, wakienda kutafuta amani. Ikaja 2008, Kipkalya Kones na Lorna Laboso. Ikaja 2012, George Saitoti na Orwa Ojode. Kila mara bendera ilishushwa nusu mlingoti, kisha tukakimbilia uchaguzi mdogo. Kizazi changu kilijua kulia. Hakikujua kudai majibu, na hilo ni deni tunalowaachia wajukuu wetu.

Nanyi wajukuu, ndege nyingine ikianguka, lieni kama tulivyolia. Kisha ulizeni njia ilikuwa na urefu gani, ndege ilibeba uzito gani, nani aliidhinisha iruke, na ripoti iko wapi. Msiondoke mlangoni kabla hamjajibiwa.