Rangi za Magharibi Ndani ya Nyumba

Kila jua linapokuchwa mbingu hupambwa bure, na maskini na tajiri hutazama pambo moja. Kisumu jua hushuka upande wa ziwa, na maji hugeuka mekundu kama shaba. Mombasa hushuka upande wa bara, na minazi husimama myeusi mbele ya rangi ya machungwa. Lakini katika nchi iliyopitiwa na ikweta pambo hilo halidumu. Punde si punde giza huingia. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi hutamani kuzihifadhi rangi hizo katika kuta za nyumba zao. Tamaa hiyo ni njema. Hata hivyo, yafaa mwenye nyumba ajue mambo mawili kabla hajafungua mfuko wake: jinsi mbingu inavyozipanga rangi zake, na vitu vinavyotiwa ndani ya rangi inayouzwa dukani.

Nuru ya jua ina rangi zote ndani yake. Jua likiwa utosini, nuru hiyo hupita katika hewa kidogo tu. Jioni jua huwa chini, na nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi. Rangi ya samawati hutawanyika njiani, na zinazofika machoni zaidi ni manjano, machungwa na nyekundu. Basi rangi za magharibi ni rangi za nuru iliyopungua. Ndiyo sababu hutuliza moyo. Mtu akizijaza katika kuta zote nne, toka sakafuni hata darini, hatapata jioni bali atapata moto, na wageni wake watatoka mapema wakidai wana safari.

Tena mbingu ina utaratibu wake. Wekundu hukaa chini, karibu na nchi. Juu yake huja machungwa, kisha manjano, na juu kabisa weupe mwepesi unaoelekea samawati. Fundi mwenye busara huufuata utaratibu huo. Katika nyumba nyingi za Kenya sakafu ya saruji hutiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta. Huo ndio mwanzo mzuri. Ukutani, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, hupakwa rangi ya udongo mwekundu. Juu yake hupakwa manjano hafifu, na dari huachwa nyeupe. Mpango huu una faida nyingine ambayo kila mzazi ataifahamu: mikono ya watoto hufika palepale penye wekundu, na uchafu hauonekani upesi.

Vilevile haifai kusahau mahali nyumba ilipo. Limuru, ambako mwezi wa Julai watu hukaa karibu na jiko, chumba chenye rangi za joto humpokea mtu vizuri. Pwani mambo ni mengine. Watu wa Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe na kuzipaka kuta zao za ndani chokaa nyeupe, nao hawakukosa akili. Weupe huo huieneza nuru ndogo iingiayo kutoka uani, na macho hupata ubaridi. Katika nyumba ya namna hiyo rangi za magharibi zatosha kuwa katika mkeka wa ukindu, leso iliyotandikwa kitini, au pazia la mlangoni. Chumba chenye dirisha linalotazama magharibi nacho hakihitaji ukuta mwekundu, kwa maana jua lenyewe litaupaka kila jioni.

Sasa latufikia jambo zito zaidi. Karani mmoja, baada ya kuweka akiba kwa miezi kadhaa, alirudi nyumbani na kopo la rangi ya mafuta, ya machungwa yenye kung'aa. "Mama watoto," alisema, "tazama. Sebule yetu itakuwa kama mbingu ya saa kumi na mbili."

Mkewe alilichukua kopo, akaligeuza pande zote akitafuta maandishi. Halikuandikwa mle ndani mna nini. "Ni nzuri kweli, Baba," alijibu. "Lakini huyu mdogo wetu hutia kinywani kila akionacho. Siku atakapoubandua ukuta huu na kuula, atakuwa amekula nini?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko kopo lenyewe. Kwa miaka mingi viwanda katika nchi nyingi vimetia madini ya risasi katika rangi za mafuta, na zilizotiwa kwa wingi zaidi mara nyingi ni zilezile za magharibi: manjano, machungwa na nyekundu. Risasi huzipa rangi hizo ukali na kuzifanya zisipauke. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini kipande cha mti hakimdhuru mtoto. Rangi ikizeeka hubanduka na kuwa vumbi, vumbi hushika vidole, na vidole huingia kinywani. Risasi huharibu ubongo unaokua, hata mtoto akawa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayaondoki. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kanuni za Kenya haziruhusu risasi izidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza, na kopo lisilo na maelezo na liachwe dukani. Rangi kuukuu nayo isiparuzwe ikiwa kavu. Yapasa ilowanishwe kwanza, watoto na mama wajawazito wakiwa mbali.

Je, mtu aache kuzipenda rangi za jioni? La, hasha. Nchi ilitoa rangi hizo kabla ya duka lolote kufunguliwa. Udongo mwekundu na wa manjano hupata rangi yake kwa chuma kilichomo, kama vile kutu. Huko Olorgesailie, kando ya njia ya Magadi, wataalamu walivumbua vipande vya mawe ya rangi vilivyofanyiwa kazi na watu yapata miaka 300,000 iliyopita, wakatangaza habari hiyo mwaka wa 2018. Wamasai na Wasamburu hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Katika nchi ya Wajaluo wanawake wamezipamba kuta za nyumba kwa udongo wa rangi mbalimbali, kwa mikono yao wenyewe.

Yule karani na mkewe walilirudisha kopo, wakanunua chokaa na unga wa rangi ya udongo. Kazi yenyewe si ngumu. Chokaa huchanganywa na maji na kuchujwa kwa kitambaa, kisha hutiwa unga huo, usizidi sehemu moja kwa kumi za chokaa. Huwa nzito kama maziwa, wala si kama uji. Hupakwa juu ya ukuta wa lipu uliolowanishwa, mara mbili au tatu, kila mara ikingojewa ikauke. Juu ya rangi ya mafuta haishiki. Mpakaji na ayalinde macho yake, kwa sababu chokaa huunguza. Tena asiogope akiona rangi imekolea mno, maana chokaa ikikauka hupauka. Ni vizuri kujaribu mahali padogo na kungoja hadi kesho yake.

Mwisho ni taa. Ukuta wa rangi ya jioni ukimulikwa kwa globu nyeupe kama adhuhuri, kazi yote hupotea bure. Penye sanduku la globu pameandikwa nambari: 2700 hutoa nuru ya manjano ifananayo na ya moto wa kuni, na 6500 hutoa nuru ya mchana. Ya kwanza ndiyo ifaayo sebuleni. Giza likishaingia nje, watu wa nyumba hiyo watakaa pamoja katika mabaki ya jua, na mtoto wao atauegemea ukuta bila ya mtu kumkataza.