Toleo la Kumi na Mbili
Mkusanyaji wa hadithi za picha hutaka ukamilifu. Toleo moja likikosekana, yaliyobaki humwia mkufu uliokatika. Camelot 3000, hadithi ya matoleo 12 iliyochapishwa Marekani, ilianza Desemba 1982 ikatoka mwezi hata mwezi, kisha mwendo ukalegea. Toleo la 11 lina tarehe ya Julai 1984. La mwisho, Aprili 1985. Miezi tisa! Mchoraji wake, Brian Bolland, alikuwa mtu wa kalamu ya taratibu, asiyeridhia mstari mbovu, na michoro yake yastahili kungojewa. Lawama ni ya walioahidi kabla kazi haijaiva. Msomaji alibaki na matoleo kumi na moja rafuni, na Mfalme Arthur yu vitani, haijulikani atashinda au atakufa.