Ziwa Moja, Mafungu Mawili

Kagongwa, Kahama. Mashine za mpunga zimepakana kando ya barabara ya Isaka, pumba zimerundikana nyuma yake, malori yanapakia mchele. Maji ya bomba hapa ni ya Ziwa Victoria, kutoka chanzo cha Ihelele, Misungwi. Bomba kuu la Kahama na Shinyanga, lililozinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2009, Serikali ililijenga kwa fedha zake yenyewe. Tawi la Kagongwa na Isaka alilizindua Rais Magufuli Januari 2021.

"Mvua ikigoma siku hizi tunalilia mpunga, mwanangu," ananiambia mama anayepepeta mchele. "Zamani tulililia na maji ya kunywa."

Hiyo ndiyo kazi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, naiona kwa macho. Ila kwenye vitabu vya bajeti ni maji tu, Fungu 49 la Wizara ya Maji. Anayesaka matumizi ya tabianchi kwa kusoma majina ya miradi atalivuka bomba hili bila habari.

Bariadi, Simiyu. Ukame uleule, ziwa lilelile. Lakini mradi wa maji wa Simiyu umeitwa wa tabianchi tangu kwenye makaratasi, na mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia msaada wa euro milioni 102.7 kupitia KfW ya Ujerumani. Fedha hizo zina wa kuzidai hesabu, na ni vyema. Kinachoniuma ni shilingi za mlipakodi wetu, zilizotangulia kwa miaka mingi kufanya kazi ileile. Tusipoziandika, tutakwenda kwenye mikutano ya dunia kudai haki tukiwa tumejipunja.

Ngitili, yale malisho ya Wasukuma yanayofungwa ili yapumzike, ndizo zimesahaulika zaidi. Mradi wa kuzirudisha, HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulianza 1986 kwa msaada wa Norway na ukapata Tuzo ya Ikweta 2002, lakini aliyefunga malisho yake ili miti irudi, huku ng'ombe wakikonda, ni Msukuma mwenyewe. Gharama yake haina kasma popote.

Kwa hesabu za namna hii, Kenya wameanzia chini, kwenye kaunti. Kwa kanuni za 2015, Makueni ilitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi. Wajir asilimia 2. Asilimia ni ndogo, lakini mkulima wa Makueni ana namba ya kuinuka nayo mkutanoni akauliza imechimba kisima gani. Namba hiyo naitaka Kahama, isomwe kwenye mkutano wa kata, Kagongwa ikiwamo.