Swali la Mtungi: Kuuliza na Kujibu katika Makundi ya Majadiliano, Nkome

Aghalabu sisi walimu hudhani kwamba mwanafunzi asiyeuliza hana swali. Dhana hiyo iliniponyoka Nkome, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 2009, Geita ikiwa ingali wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Nilikuwa nikifundisha Baiolojia kidato cha pili. Darasani walikuwamo Wasukuma na Wazinza, pamoja na Wajita, Wakerewe na Waha ambao wazazi wao walifuata samaki au dhahabu. Kiswahili kiliwaunganisha wote. Kiingereza, lugha rasmi ya kufundishia, hakikumuunganisha yeyote na mwenziwe.

Mada ilikuwa kichocho. Niliwagawa katika makundi, nikaagiza wajadiliane kwa Kiingereza. Kukawa kimya. Hatimaye msichana mmoja akamnong'oneza jirani yake kwa Kisukuma, lugha nisiyoijua. Kwa desturi ya shule ilinipasa nimwadhibu. Badala yake nilimwomba jirani anifasirie. Swali lilikuwa hili: maji ya ziwani yakilala mtungini siku mbili, bado yana kichocho?

Kitabu kilieleza konokono na mzunguko wa maisha ya kimelea, mtungi hakikuutaja. Nami sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma kwamba mabuu yanayotoka kwa konokono, yasipopata ngozi ya mtu ya kupenya, hufa katika muda wa siku moja au mbili; maji yaliyowekwa kwa muda huo, bila konokono ndani yake, hayaambukizi tena kichocho. Mtoto anayechota maji kila alfajiri alikuwa ameuliza jambo ambalo mimi, mwenye shahada, sikuwahi kulifikiria. Nusura nimchape kwa hilo.

Tangu siku hiyo kila kundi lilianza kwa lugha yoyote. Kisha swali lilisemwa kwa Kiswahili mbele ya darasa, na mwisho tuliliandika pamoja kwa Kiingereza. Kujibu kulikuwa kugumu zaidi, kwani aliyekosea alichekwa. Hapo nilikopa utaratibu wa kitendawili: aliyeshindwa alitoa mji, naye muulizaji akalazimika kujibu mwenyewe. Kushindwa kukawa sehemu ya mchezo. (Mwanza ilitolewa mara nyingi mno, yupo aliyetoa mgodi mzima wa Geita.)

Sidai kwamba mbinu hii inamaliza suala la lugha ya kufundishia. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari. Serikali haikukubali, na mtihani wa Baiolojia wa kidato cha nne ungali kwa Kiingereza. Tena utaratibu wangu ulikula vipindi, na muhtasari wa somo sikuumaliza mwaka ule.

Juma lililofuata msichana yule alisimama bila kuitwa, akauliza kwa Kiswahili: mtungi ukiongezewa maji mapya kabla ya yale ya jana kwisha, siku mbili zihesabiwe tangu lini? Nikatoa mji. Akajibu mwenyewe: tangu ndoo ya mwisho.